Muulize Msimulizi Amesimama Wapi

Mpe msomaji makini kazi ya kutafuta jicho la kiume, yaani namna ya kumtazama mwanamke kwa macho ya mwanamume, katika riwaya ya Kimarekani, naye atashika kalamu aanze kupigia mstari matiti, midomo, nywele na miguu. Baada ya sura tatu ana ukurasa mzima wa sifa za mwili na hajui azifanyie nini. Orodha ya aina hiyo haimfikishi mbali, kwa sababu karibu kila riwaya ya karne ya 19 na ya 20 inaeleza miili ya wanawake, ikiwa nzuri au mbovu, iwe imeandikwa na mwanamume au na mwanamke. Kazi inaanza kuzaa pale unapomgeukia anayetazama: amesimama wapi, nani alimpa habari kabla hajaona, na ni mambo gani yaliyotokea yeye akiwa hayupo.

Dhana yenyewe ilitoka kwenye sinema. Mwaka 1975 Laura Mulvey, mhakiki wa Uingereza, alichapisha makala katika jarida la Screen akitenga macho matatu: la kamera, la mtazamaji aliyekaa ukumbini, na la wahusika wanaotazamana ndani ya filamu. Hollywood, alisema, iliyafunga macho hayo pamoja mpaka mtazamaji akajikuta anamwangalia mwanamke kupitia shujaa wa kiume. Riwaya haina kamera, kazi hiyo anaifanya msimulizi. Mwaka 1978 Judith Fetterley wa Marekani akaja na hoja iliyo jirani na hiyo: mwanafunzi wa kike anayesomeshwa riwaya kubwa za nchi yake hufundishwa, bila mtu kutamka, asome kama mwanamume na ajiunge na wanaomlaumu mwanamke. Hao wawili wanatosha kuanzia. Ukijaza nadharia nyingi kabla hujafungua kitabu, utakiona unachokitafuta hata pale ambapo hakipo.

Anza na riwaya fupi. The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald (1925) ina sura tisa tu na msimulizi mmoja, Nick Carraway, kwa hiyo njia ni rahisi kufuata. Tafuta penseli mbili za rangi tofauti. Usikipigie mistari kitabu kizima, utachoka na alama zitapoteza maana. Kwa kila mhusika wa kike chagua mahali patatu: anapoingia mara ya kwanza, anapofanya jambo linalogeuza hadithi, na anapotoka. Kwa rangi ya kwanza pigia vitenzi ambavyo yeye mwenyewe ndiye mtenda. Kwa rangi ya pili pigia vile ambavyo anatendwa, pamoja na vile ambavyo mtenda ni gauni lake, sauti yake au nywele zake. Pembeni andika jina la anayeona. Ukimaliza, rudia zoezi hilohilo kwa mwanamume mmoja wa kitabu hichohicho.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na kuiruka kunaangusha hoja nyingi. Daisy ni mke wa Tom Buchanan na ndiye mwanamke anayependwa na Gatsby, tajiri aliyebeba jina la kitabu, lakini Nick anaueleza mwili wa Tom kwa kina kuliko wa Daisy: mavazi ya kupandia farasi, buti zinazong'aa, misuli ya bega inayosogea chini ya koti jembamba. Anayedai kwamba katika kitabu hiki wanawake peke yao ndio wanaotazamwa kimwili atakanushwa na kitabu chenyewe. Tofauti imekaa kwenye vitenzi. Mwili wa Tom una nguvu ya kufanya jambo, na Nick anauita wa kikatili. Dakika chache baadaye tunamkuta Daisy na rafiki yake Jordan Baker kwenye kochi kubwa, magauni meupe yakipepea kana kwamba wametua sasa hivi baada ya kuruka kuizunguka nyumba. Hapo mtenda ni upepo. Tom anafunga madirisha ya nyuma kwa kishindo, upepo unakufa, na mapazia, mazulia na wanawake wawili vinashuka taratibu sakafuni. Iangalie orodha hiyo kwa ukaribu: mapazia, mazulia, wanawake wawili, wote chini ya kitenzi kimoja.

Sasa jaribu kumchora Daisy kwa maneno ya Nick. Utapata macho yanayong'aa, mdomo unaong'aa, na sauti. Sauti hiyo inarudi mara kwa mara hadi Gatsby anaposema kwamba imejaa pesa. Nywele je? Katika sura ya 7 Daisy anasema binti yake amerithi nywele zake, na nywele za mtoto huyo ni za manjano. Katika sura ya 8 Gatsby anazibusu nywele zake, na ni nyeusi zinazometa. Mwanamke ambaye kitabu kizima kinamzunguka hana rangi ya nywele inayokubalika kurasa zote. Filamu za 1974 na 2013 zilimaliza utata huo kwa kumpa nywele za dhahabu, na kuanzia hapo msomaji aliyeanza na filamu anasoma uso wa mwigizaji. Filamu iachwe mpaka mwisho.

Kisha andika mambo ambayo Nick hayaoni. Sura ya 5, Gatsby na Daisy wanakutana baada ya karibu miaka mitano. Nick anatoka nje, anasimama chini ya mti mkubwa mvua ikinyesha, kwa nusu saa. Anaporudi Daisy ana machozi usoni na Gatsby anang'aa. Nusu saa iliyobeba kitabu kizima imepita na hatukusikia neno hata moja alilosema Daisy. Sura ya 7, usiku wa ajali ya gari inayomuua Myrtle Wilson, Nick anachungulia kupitia upenyo wa pazia la dirisha dogo. Daisy na Tom wamekaa jikoni, kati yao sahani ya kuku baridi wa kukaanga na chupa mbili za bia, hakuna aliyevigusa. Tom anaongea, mkono wake umeufunika wa Daisy, naye anaitikia kwa kichwa mara mojamoja. Nick haisikii sauti. Uamuzi wa Daisy kubaki na mumewe tunauona kama picha iliyowekwa nyuma ya kioo, kisha watu wanakuja kuandika kwamba Daisy ni mtupu wa ndani. Huenda ni kweli, lakini ushahidi wao umetoka kwa mtu aliyekuwa nje kwenye giza.

Kuna mahali pamoja ambapo taa inashikwa na mwanamke. Katika sura ya 4 Jordan anamsimulia Nick habari za Louisville, mji wa nyumbani kwa Daisy, usiku wa kuamkia harusi ya Daisy na Tom. Tom amempa bibi harusi mkufu wa lulu wa dola 350,000. Jordan anaingia chumbani na kumkuta Daisy amelewa chakari, mkono mmoja chupa ya mvinyo, mwingine barua. Lulu amezitupa kwenye kapu la taka. Anazitoa na kuagiza zirudishwe kwa mwenyewe, watu waambiwe Daisy amebadili mawazo. Wanamtia kwenye maji baridi ya bafu naye haiachii barua, anaifinya mpaka inakuwa tonge la karatasi, na anakubali kuiweka kwenye kisahani cha sabuni pale tu inapoanza kumeguka kama theluji. Hesabu vitenzi vya rangi ya kwanza hapo, halafu vya tukio la kochi. Huyu ni mwanamke yuleyule. Amebadilika aliyemwona, na Jordan alikuwa na ruhusa ya kuingia chumbani.

Swali linalogombanisha watu ni hili: je, Fitzgerald anajua anachokifanya, au naye ni Nick? Usilijibu kwa kutumia maisha yake binafsi. Tafuta ukurasa ambapo msimulizi anajikanyaga mwenyewe. Mwishoni mwa sura ya 3 Nick anasema udanganyifu wa mwanamke si kitu cha kumlaumia mtu sana, kisha, muda mfupi tu baadaye, anajitaja kuwa miongoni mwa watu wachache waaminifu aliowahi kuwajua. Mwandishi aliyeweka kauli hizo mbili karibu namna hiyo alitaka tumtilie shaka Nick. Mpaka hapo mimi niko upande wa Fitzgerald.

Kwa Myrtle Wilson siko upande wake. Myrtle ni mke wa fundi gereji na mpenzi wa siri wa Tom, na tangu anaingia yeye ni nyama: mnene kidogo, anaubeba mwili wake kwa ashiki, hana uzuri wa uso ila ana uhai unaoonekana papo hapo. Daisy wa tabaka la juu anaelezwa kwa kitambaa na sauti, Myrtle wa tabaka la chini kwa uzito na jasho. Tom anamvunja pua kwa kofi katika sura ya 2. Anapogongwa na gari, wanaomfikia wanaichana blauzi yake na kukuta titi la kushoto linaning'inia. Nick hakuwepo. Habari za ajali zimetoka kwa shahidi, Michaelis, na Nick mwenyewe anapofika anaukuta mwili umefungwa blanketi juu ya blanketi, juu ya meza ya kazi. Daisy alipokuwa na Gatsby, kutokuwepo kwa Nick kulitosha kumfunga mdomo. Kwa Myrtle hakuwepo vilevile, na bado jicho lake linapenya hadi chini ya nguo. Hakuna kitu ndani ya tukio kinachonionyesha kwamba mwandishi ameiona tofauti hiyo. Hapo ndipo ningeandika kwamba jicho ni la Fitzgerald.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa Of Mice and Men ya John Steinbeck (1937), riwaya ya vibarua wawili wa ranchi, George na Lennie, ingawa hapo msimulizi yuko nje ya hadithi na hana jina. Jicho linatangulia mtu: Candy, mzee wa ranchini, anamweleza George kwamba mke mpya wa Curley, mtoto wa mwenye ranchi, anawaangalia wanaume, na sisi tunayapokea maneno hayo kabla hatujamwona. Ndipo mwanga wa jua mlangoni unakatika na yeye amesimama pale, mdomo mwekundu, kucha nyekundu, ndara nyekundu zenye manyoya ya mbuni. Hana jina mpaka mwisho. Wengi huliona hilo na kukimbilia hitimisho, ama mwandishi anawachukia wanawake au anawatetea. Angalieni kwanza nani mwingine ana jina. Shangazi Clara, ambaye ameshakufa, analo. Susy mwenye danguro la mjini anaitwa Susy. Wanawake wasioonekana wanatajwa. Yule mmoja anayetembea ranchini ndiye mali ya mtu.

Kisha nenda ghalani, ambako mke wa Curley anamweleza Lennie habari zake: mtu wa sinema aliyemwahidi barua, barua isiyofika, shaka yake kwamba mama yake aliiiba, ndoa na Curley waliyekutana usiku uleule kwenye dansi. Weka alama kwenye majibu ya Lennie. Anawaza sungura. Mwanamke huyu anayasimulia maisha yake yote mara moja, kwa mtu asiyemsikiliza, dakika chache kabla ya kufa. Halafu maiti inaelezwa kwa upole ambao alipokuwa hai hakuupata: hila na uchungu vimeondoka usoni, sasa ni mzuri, mdogo, mtulivu. Kurasa hizo mbili zisomwe kwa sauti moja baada ya nyingine. Mwaka 1938 Steinbeck alimwandikia barua Claire Luce, aliyemwigiza kwenye jukwaa la Broadway, akimweleza maisha ya mhusika huyo na upweke wake. Barua ni nzuri, lakini isitumiwe kufidia kilichomo kwenye riwaya. Mwandishi aliyejua mambo hayo hakuyaweka kinywani mwa mtu mwingine yeyote pale ranchini.

Hemingway nitampita haraka. Katika The Sun Also Rises (1926) Brett Ashley anaingia akiwa na sweta na nywele zilizorudishwa nyuma kama za mvulana, na msimulizi, Jake Barnes, analinganisha mwili wake na mashua ya mashindano. Wanafunzi hukimbilia tashbihi hiyo wakaacha jambo kubwa zaidi, kwamba anayeangalia ana jeraha la vita linalomzuia kufanya mapenzi na mwanamke anayemtaka. Tashbihi peke yake haina uzito mpaka umtaje mwenye nayo.

Kosa jingine ni kudhani kwamba jina la mwanamke kwenye jalada linamaliza kesi. The House of Mirth ya Edith Wharton (1905) inafunguka kwa jicho la Lawrence Selden, anayemwona Lily Bart kituo cha treni cha Grand Central na kuwaza kwamba lazima aligharimu sana kutengenezwa. Ni wazo la mtu anayekagua bidhaa, na Wharton analiweka kwenye kurasa za mwanzo makusudi. Tofauti yake na Fitzgerald ni kwamba hasubiri sana kabla hajatuingiza kichwani mwa Lily, mwanamke wa miaka 29 anayejua barabara bei yake na anayejua kwamba inashuka. Katika The Awakening ya Kate Chopin (1899) kazi hiyo inachukua aya chache tu. Mume anamwona mkewe, Edna, akitoka ufukweni ameungua na jua, na msimulizi anasema anamtazama kama mali ya thamani iliyopata hitilafu. Edna ananyoosha mkono bila kusema. Mume anatoa pete za mkewe mfukoni mwa kizibao na kuzidondosha kiganjani. Aliyemwita mali ni msimulizi, na ndipo tunapojua kuna mtu wa tatu anayemtazama mtazamaji. Ukimkosa mtu huyo wa tatu katika kitabu, ndipo uanze kumshuku mwandishi.

Wala jicho hili si la wanaume tu. Katika The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne (1850), watu wanapomsubiri Hester Prynne atoke gerezani Boston na mtoto wake wa miezi mitatu, apandishwe jukwaani kwa kosa la uzinzi, maneno makali zaidi yanatoka kwa wanawake waliokusanyika. Mmoja anataka achomwe alama ya moto kwenye paji la uso. Zora Neale Hurston ameliona hilo kwa ustadi zaidi. Mwanzoni mwa Their Eyes Were Watching God (1937) Janie anarudi Eatonville, Florida, na anapita mbele ya watu waliokaa barazani. Wanaume wanaona makalio, wanayafananisha na mabalungi kwenye mifuko ya nyuma, wanaona msuko mzito wa nywele unaofika kiunoni. Wanawake wanaona shati lililochakaa na ovaroli yenye matope, wanaviweka akilini kama silaha ya siku za mbele. Mwili mmoja, njia moja, na kila upande umechukua ulichokihitaji. Kama una saa moja tu ya kufundisha mada hii, tumia aya hiyo.

Nywele za Janie zifuatilie kuanzia hapo. Mumewe wa pili, Joe Starks, anamwona mwanamume aitwaye Walter dukani kwao akiugusa ncha msuko huo, na tangu siku hiyo anamwamuru afunge kitambaa kichwani akiwa dukani. Hamwambii sababu. Miaka inapita, Joe anazeeka na anazoea kumsema mkewe kwa uzee mbele ya wateja, mpaka siku Janie anapomjibu mbele ya watu walewale kwamba Joe ndiye, akivua suruali, anayeonekana kama aliyefika ukomo wa hedhi. Duka linanyamaza, kisha linacheka, na Joe hapati nafuu tena. Wanaume waliokuwa wakiangalia kwa macho yake sasa wanamwangalia yeye. Joe anapokufa, Janie anaziachia nywele mbele ya kioo, anajitazama, anazifunga tena ili akaomboleze, na baadaye anavichoma vitambaa. Kitabu hiki kilikaa nje ya maduka kwa miongo mingi hadi kilipochapishwa upya mwaka 1978, ndiyo maana uhakiki wa zamani wa riwaya za Marekani haukitaji sana.

Mwishowe penseli mbili zinakwama, na zinapokwama kwa Toni Morrison ni vizuri zikwame. Katika The Bluest Eye (1970) Pecola Breedlove, msichana Mweusi wa miaka 11 huko Lorain, Ohio, anaingia duka la Yacobowski, mhamiaji mzungu wa makamo, kununua peremende kwa senti tatu. Mwenye duka hamtamani, hamkagui, hampimi bei. Macho yake yanaelea juu ya Pecola, hayatui. Pecola anaponyoosha mkono wenye pesa, mwenye duka anasita, hataki kuugusa. Mhakiki aliyejifunza kwa Daisy na Lily atatafuta sifa za mwili hapa na hatazipata, halafu ataandika kwamba tukio hili halihusu jicho la kiume. Ongeza swali la tatu pembeni: nani hatazamwi kabisa? Ukisharudi na swali hilo kwenye Gatsby, pitia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ukitafuta wanawake Weusi, kisha andika wako wapi na wanasema nini.

Kwa kikundi cha watu sita au saba, mpangilio unaofaa ni kuanza na aya ya Hurston, kisha sura za 1, 4 na 7 za Gatsby, kisha ghala la Steinbeck, na Morrison mwisho. Kila mtu ashike mhusika mmoja na alete kurasa zake tatu zikiwa zimepigwa mistari. Msiruhusu sentensi inayoanza na "mwandishi anawadharau wanawake" mpaka aliyeisema aonyeshe ukurasa ambapo msimulizi ameona kitu ambacho kutoka pale aliposimama hakikuweza kuonekana.